Ghala limejaa, mji umevunjwa: jibu kwa msomaji wa Ujiji

Swali lake nalifupisha kidogo (Age of Empires II ni gemu la kompyuta la kujenga mji, kukusanya mali na kupigana; Mali na Ethiopia ni mataifa ya kuchagua ndani yake): "Shikamoo kaka. Niko Ujiji, nauza nyavu na vifaa vya uvuvi. Usiku nacheza Age of Empires II na mtoto wa mama mdogo aliyeko Kasulu. Mimi nachagua Mali, yeye Ethiopia. Mji wangu siku zote ni mzuri kuliko wake: kuta za mawe, mashamba yamepangwa, ghala limejaa. Ila ikikaribia dakika ya 20 ananivunja. Tumecheza mara tisa, nimeshinda moja, na hiyo ni kwa sababu umeme ulikatika kwao. Nakosea wapi? Au kompyuta imezeeka, ninunue nyingine? Nimekutumia rekodi ya mchezo wa mwisho."

Marahaba, mdogo wangu. Rekodi nimeitazama mara mbili, ya pili nikiwa na daftari na kalamu. Mji wako ni mzuri kweli. Nyumba umezipanga kama kota za reli, mashamba yamezunguka kinu, hata ukuta umepinda vizuri kufuata ukingo wa msitu. Sijacheka. Nimejenga miji ya namna hiyo miaka mingi hapa Tabora, na nimevunjiwa miaka hiyo hiyo, mara nyingine na mtoto wa darasa la sita ambaye mji wake ulionekana kama gulio baada ya mvua.

Nianze na dakika ya 8, maana kufikia hapo ulikuwa umeshaanza kushindwa, ingawa hakuna mshale uliokuwa umerushwa.

Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50 na hutoka kwenye jengo kuu la mji kila baada ya sekunde 25. Mnaanza wote na wanakijiji 3 na chakula 200, yaani wanakijiji wanne wengine bila kuchinja hata kondoo mmoja. Jengo lisipokaa bure hata sekunde moja, dakika 8 zinatoa watu 19, ukijumlisha na wale 3 wanakuwa 22. Ndugu yako wa Kasulu alikuwa na 21. Wewe ulikuwa na 14. Nilirudisha rekodi nyuma kuona wamekwama wapi. Mara mbili ulifika kikomo cha nyumba, ukawa unasubiri nyumba iishe ndipo jengo kuu liendelee. Mara tatu ulikuwa umezama kwenye kupanga mashamba, jengo kuu limenyamaza na chakula kipo. Nyumba moja kwa kawaida inagharimu mbao 25, kwako wa Mali hata pungufu, na inabeba watu 5. Ukikwama kwa nyumba kwa dakika nzima, umepoteza watu wawili na ushee kwa sababu ya mbao zisizofika 25.

Watu 7 ni wengi kuliko wanavyoonekana. Mwanakijiji mmoja anakusanya karibu vipande 20 vya mali kwa dakika, ukihesabu na kutembea kwake. Saba wanakuwa 140 kila dakika, na pengo hilo halikai palepale, maana aliyekuzidi watu anazalisha na watu zaidi. Kabla hujaona askari wake hata mmoja, alikuwa anakuzidi mshahara wa kila dakika.

Hapo pekee pangetosha kukushinda, lakini si ndipo uliposhindwa. Mtu anaweza kuwa na wanakijiji pungufu na bado akajihami. Kilichoniuma mimi ni dakika ya 18. Niliisimamisha rekodi nikaandika ghala lako kama lilivyo: mbao 1,400, chakula 900, mawe 650, dhahabu 110. Askari: 6, wote wabeba mikuki mirefu, kutoka kambi moja. Ndugu yako ghala lake lote halikufika 300. Nje ya ukuta wako alikuwa na wapiga mishale 20.

Wazazi walitufundisha kwamba akiba haiozi. Duka la nyavu linaendeshwa hivyo na ni sawa kabisa. Lakini wewe unakaa karibu na ziwa, dagaa unawajua. Boti ikiingia Kibirizi alfajiri imejaa, hakuna anayesema mwenye boti ni tajiri mpaka dagaa wameanikwa. Wakibaki kwenye boti hadi jua lipande, ule wingi wenyewe unageuka hasara. Mbao zako 1,400 zilikuwa dagaa ndani ya boti. Kwenye gemu hili mali haina kazi yoyote ikiwa ghalani: haipigani, haizai riba, haimtishi adui. Inakuwa kitu siku inapogeuka mtu, jengo au silaha, na kila dakika inayokaa ni dakika ambayo huyo mtu hakuwepo uwanjani.

Sasa tuihesabu, maana nadhani hukuwahi kuihesabu. Dawa ya wapiga mishale ni watupa mikuki, wale wanaorusha mikuki midogo kwa mbali. Mmoja ni chakula 25 na mbao 35, dhahabu hataki hata chembe. Anayetumia Mali majengo yake yanapungua mbao kwa asilimia 15, kwa hiyo kiwanja cha kufundishia wapigaji wa mbali, ambacho kwa wengine ni mbao 175, kwako ni kama 149. Ungejenga vitatu, unabaki na mbao zaidi ya 950. Hizo ni watupa mikuki 27, na chakula chao ni 675, unacho na kinabaki. Mmoja anafundishwa kwa sekunde 22, kwa hiyo viwanja vitatu vingetoa wote 27 kwa dakika 3 na ushee. Watupa mikuki 27 dhidi ya wapiga mishale 20, ambao kila mmoja amemgharimu ndugu yako mbao 25 na dhahabu 45! Angerudi Kasulu akilia.

Angalia pia kwamba nimesema viwanja vitatu. Kingekuwa kimoja, hao 27 wangechukua karibu dakika 10 na ungekuwa umeshavunjwa. Watu wengi wanaoniandikia wanadhani wamepungukiwa mali, kumbe wamepungukiwa milango. Ukiona mbao zinapanda kila ukitupa jicho juu ya kioo, na jengo kuu linafanya kazi, na kambi inafanya kazi, basi milango ya kutokea mali ni michache, ongeza kambi. Mimi nina kanuni yangu ambayo si sheria ya mtu: mbao zikipita 300 na sina ninachokisubiri kwa jina, najenga jengo la kijeshi palepale, hata likikaa vibaya na kuharibu sura ya mji.

Najua utanijibu kwamba ulikuwa na unachokisubiri. Ulikuwa unaweka akiba ya kupanda enzi ya tatu, ile hatua ya mchezo inayokuruhusu kujenga ngome, ambayo inataka chakula 800 na dhahabu 200, kisha mawe 650 yasimamishe ngome kubwa. Mpango si mbaya. Ila dhahabu ulikuwa na 110, mnaanza na 100. Yaani kwa dakika 18 umechimba vipande 10! Nilitafuta sababu nikaiona: mgodi wako mkubwa wa dhahabu uliuacha nje ya ukuta. Ulizungushia ukuta nyumba na mashamba, ukauacha nje mlango wa enzi ya tatu. Kila ulipotuma wachimbaji, wapiga mishale watatu wa Kasulu waliwakimbiza, ukawarudisha kulima.

Hapa niruhusu nitoke kwenye gemu kidogo. Gemu lenyewe ni la 1999, toleo jipya mnalocheza ni la 2019. Mali na Ethiopia ziliongezwa 2015, Wanyamwezi hawamo, na mimi naona wanakosa kitu, kwa sababu mwalimu mzuri wa unachokiuliza alikuwa mtemi wa huku kwetu.

Mtemi huyo ni Mirambo, naye hakuwa na Tabora. Mwaka 1871 wafanyabiashara Waarabu ndio walikuwa wamekaa hapa na bunduki nyingi, pembe za ndovu ndani, tembe kubwa za udongo. Yeye alikuwa upande wa magharibi, Urambo, na kilichokuwa mkononi mwake ni njia, njia ya misafara inayotoka Tabora kwenda huko kwenu Ujiji. Aliyepita alilipa hongo, yaani ushuru wa njia. Walipokosana, aliifunga. Hakuhitaji kuuvunja mji ili uumie, maana mji wa biashara usio na njia ni tembe zenye pembe ambazo haziendi kokote. Stanley, mwandishi wa habari, alikuwepo Tabora mwaka huo akimtafuta mmisionari Livingstone, akaingia kwenye vita ile upande wa Waarabu, na mwishowe ilibidi azunguke kwa kusini kufika Ujiji, ambako walikutana Novemba. Mnara wa kumbukumbu yao unaupita kila siku, na urefu wa safari ile ya kufika hapo ni kazi ya mtu aliyeshika barabara.

Ndugu yako hakuushambulia ukuta wako. Aliweka watu watatu kwenye dhahabu. Amefanya vilevile, na sidhani hata anajua.

Kisa chenyewe kina sehemu ya pili ambayo kwa mchezaji ni dhahabu tupu. Agosti ile Waarabu walikwenda kuupiga mji wa Wilyankuru uliokuwa upande wa Mirambo, wakauteka. Wakakuta pembe na watumwa, wakajipakia, wakaanza kurudi. Mirambo aliwasubiri njiani kwenye majani marefu. Walirudi wamebeba mizigo, hawana macho mbele, kila mmoja akili yake iko kwenye fungu lake, na kiongozi wao aliuawa pale pamoja na wengi wake. Baadaye mwezi huo huo Mirambo alikuwa ndani ya Tabora yenyewe akichoma nyumba. Mchezo wako wa tano, ule uliouandika, kwenye sehemu ya barua niliyoikata, kwamba "karibu nishinde", naamini uliisha hivyo. Uliua wachimbaji wake, ukafurahi, ukaliacha jeshi limesimama kwenye mgodi wake huku wewe umerudi nyumbani kupanga mashamba. Dakika ya hatari kuliko zote ni ile baada ya kushinda pigano dogo. Jeshi lililoshinda ama lisogee mbele, ama lirudi kwa makusudi, kwa njia ambayo mpelelezi ameiona.

Mpelelezi! Yule mpanda farasi unayepewa mwanzoni, kwenye rekodi alikaa amesimama pembeni ya jengo kuu kuanzia dakika ya 4 mpaka alipouawa. Dakika zake za kwanza ni kutafuta kondoo na nguruwe pori, hapo ulifanya vizuri. Baada ya hapo kazi yake ni kwenda Kasulu, yaani kwenye mji wa ndugu yako, kuhesabu milango. Ukiona viwanja viwili vya mishale na watu sita kwenye dhahabu, habari yote unayo: wapiga mishale wanakuja, na wale wa Ethiopia hupiga haraka kuliko wa mataifa mengine. Hapo unajenga viwanja vya watupa mikuki kabla mshale wa kwanza haujafika. Ukiona zizi la farasi, ndipo wabeba mikuki mirefu wanakuwa na maana, kwa sababu wao ndio dawa ya farasi. Ukiona hana jengo la kijeshi hata moja, mvamie, amejenga kama wewe. Kwa wapiga mishale, wale wabeba mikuki wako sita walikuwa sadaka. Hutembea kwa miguu kuelekea kwa mtu anayewachoma toka mbali. Kuchagua askari bila kumtuma mpelelezi ni kununua nyavu kabla ya kuuliza samaki gani wanatoka.

Ukuta sikukatazi. Kuna watu watakuambia ukuta ni wa waoga, usiwasikilize. Ukuta hununua muda, na muda ndio sarafu yenyewe ya mchezo huu. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijifungia kwenye ngome yake hapa pembeni ya Tabora, na Wajerumani walirudi mikono mitupu zaidi ya mara moja mwaka 1892. Januari 1893 walirudi tena, wakaingia, naye akajilipua kwenye chumba cha baruti kuliko kushikwa. Sisi huku tunalitaja jina lake kwa heshima na sitalifanya mzaha wa gemu. Nasema tu kwamba muda ambao ukuta unakupa lazima kuna kitu kinaota ndani yake. Wako ulikupa dakika 5 nzima, nilizihesabu, na ndani yake ulijenga nyumba nne na kinu cha pili. Halafu kumbuka mshale unapita juu ya ukuta. Wakulima waliokuwa karibu na mawe walikufa bila jiwe moja kubomoka.

Mtafanya nini basi na ndugu yako Jumamosi? Kabla hamjacheza, jipe siku tatu peke yako bila vita. Kwenye toleo jipya kuna mazoezi yanayoitwa Art of War ambayo hukupa medali kwa kasi yako. Fanya lile la uchumi wa mwanzo tu, mpaka vidole vizoee. Herufi H inakurudisha kwenye jengo kuu popote ulipo kwenye ramani. Kitufe cha nukta kinakuletea mwanakijiji aliyekaa bure. Hivyo viwili vinatosha kwa wiki ya kwanza. Mimi nilipokuwa najifunza, nilikuwa naimba wimbo wowote na kila nikimaliza ubeti nabonyeza H, hata kama niko katikati ya pigano. Majirani walidhani nina matatizo. Lengo lako la Jumamosi lisiwe kushinda, liwe wanakijiji 20 kwenye dakika ya 8, na mbao zisizozidi 300 muda wowote mpaka dakika ya 15. Ukipigwa lakini umefikia hayo, nitumie rekodi hiyo, tutakuwa na cha kuzungumza.

Hilo la kupanga mji vizuri si kosa la tabia, na usilizime. Kuna michezo inayolipa jicho kama lako. Umeme ukikatika na simu ina chaji, jaribu Unciv: haina picha za kuvutia, ni ya bure, inakwenda hata kwenye simu ya bei ndogo bila bando, na kwa kuwa kila mmoja anacheza kwa zamu, hakuna anayekukimbiza. Huko kuweka mji mahali pazuri, karibu na mto na mlima, kunaamua mchezo. Polytopia nayo ni nyepesi, na aina yake moja ina zamu 30 tu, inaisha ukisubiri wali. Kwenye kompyuta kuna 0 A.D., ya bure kabisa, inafanana sana na hiyo yenu, na Wakushi wa Sudani ya kale wamo. Zile za simu zenye kijiji, ambapo jengo linasubiri siku mbili likamilike isipokuwa ulipie, mimi sizipendi, na sina ushauri zaidi ya kwamba pesa ya nyavu isiingie huko.

Swali la kompyuta. Kwenye rekodi sikuona dalili kwamba mashine inakwama. Amri zako zinatekelezwa mara unapozitoa, ila unazitoa chache. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio, funga kivinjari kabla hujaanza, safisha feni, vumbi la huko nalijua. Kitu kimoja nitakachokuambia ununue ni kipanya cha waya, chochote cha bei ya kawaida, maana nimeona jinsi unavyochagua askari mmoja mmoja na nina hakika unatumia kile kibao cha kugusa cha laptopu. Kwa kibao hicho hata mimi ndugu yako angenipiga.